Siku Ongom Alipovaa Viatu

Kama gazeti la wiki jana lilikupita, usihangaike kulitafuta. Aibu yangu ni fupi, naweza kuirudia.

Mimi ni Sulaimani. Kazi yangu ni kuwafanya watu wanaoandika programu za kompyuta hapa Kampala waipende kampuni moja iitwayo Baragumu. Baragumu inauza mfumo wa kutuma ujumbe mfupi wa simu. Duka la dawa linaandikiwa programu, programu inapitia kwetu, na mgonjwa anasoma kwenye simu yake: "Leo meza dawa."

Mama yangu, Bi Maimunah, aliniuliza siku moja kazi hiyo inaitwaje. Nikamwambia, "Najenga jumuiya." Akaendelea kuchagua mchele wake, kisha akauliza, "Nani alikuja kukuomba?"

Nikainama nikamsaidia kuchagua mchele.

Baragumu ina jukwaa la Kiswahili mtandaoni, ambako mwenye tatizo huuliza na mwenye ujuzi hujibu, awe Nairobi, Goma au hapa kwetu. Miaka miwili iliyopita upande wa Kampala ulikuwa mkavu kabisa. Wakubwa wa Nairobi walitaka kuona uhai, nami nikawapa uhai. Nikamtunga mtu, nikamwita Ongom. Asubuhi Ongom aliuliza swali, mchana Sulaimani akajibu, jioni Ongom akashukuru. Nilikuwa kama mtu anayecheza bao peke yake na bado anaiba kete.

Usinicheke sana. Wenzangu wa kazi hii nawajua, na wengi wao wana Ongom wao mahali.

Halafu akaja Atim.

Atim ni binti wa afande mmoja wa Kitgum, amezaliwa na kukulia kwenye nyumba za polisi Naguru. Mchana anauza dawa katika duka la mtu, na muda uliobaki anaandika programu. Jukwaani aliandika mara moja tu. Wanaume watatu wakamrukia: "Nyabo, soma mwongozo kwanza." Mwongozo alikuwa ameusoma. Kosa alilolionyesha lilikuwa ndani ya mwongozo wenyewe, na mwongozo niliuandika mimi.

Hakuandika tena hadharani. Akaanza kunitumia majibu yake kwa WhatsApp. "Kaka Sulaimani, hiyo swali ya yule Mkongo, mimi nafikiri iko hivi." Na kila mara ilikuwa hivyo hasa.

Sasa, jibu la kampuni watu hulisoma kama tangazo, lakini jibu la mwenzao wanaliamini. Kwa hiyo majibu ya Atim nikayabandika kwa jina la Ongom. Kiswahili chake nilikinyoosha, akili yake sikuigusa. Nilibadilisha kitu kimoja tu. Katika mifano yake yote ujumbe ulikwenda kwa mtu mmoja, Abwola, ambaye ni bibi yake wa Kitgum. Mimi nilifuta Abwola, nikaandika Mteja.

Siku moja aliniuliza mbona Ongom anasema yaleyale aliyoniambia yeye. Nikamjibu bila kupepesa, "Watu wenye akili hukutana njiani, Atim."

Akaniamini. Kibaya zaidi, alifurahi.

Wiki jana gazetini nilifika pale barua ya Nairobi ilipoingia: Ongom amechaguliwa Bingwa wa Jumuiya, na zawadi yake ni kazi. Kazi kamili ya uhandisi, Nairobi. Atatia saini Jumamosi, ukumbini Naguru, mbele ya watu, na aje na kitambulisho.

Kazi ilikuwa ya Atim. Aliyeitwa alikuwa hewa. Endelea nami.

*

Jumanne nilimfuata Fabiano huko Kalerwe. Fabiano ndiye mtu wetu wa shughuli: analeta fulana, stika, viti, na watu wa kukalia viti. Nilimkuta kando ya barabara, roleksi yake ya chapati na yai imeumwa robo, akimwelekeza mama mmoja muuza vitunguu mahali pa kubonyeza kwenye simu.

"Unafanya nini?" nikamuuliza.

"Naandikisha developa."

"Huyu anaandika programu?"

"Ana jina. Ana simu. Amepata fulana. Unataka nini tena, ssebo?"

Yule mama alikuwa ameshaivaa fulana juu ya gauni lake la gomesi. Kifuani iliandikwa NINAJENGA KESHO. Alikuwa anapima vitunguu.

Kwenye ripoti zetu jumuiya ya Kampala ilikuwa na watu elfu moja mia mbili. Wanaoandika programu kweli wangetosha meza mbili za chai, na meza ya pili ingebaki na nafasi. Wengine wote walikuja kwa ajili ya fulana, na siwalaumu. Fulana ilikuwa nzuri kuliko mfumo.

"Fabiano, Ongom hayupo."

"Amesafiri?"

"Hajazaliwa."

Akaacha kutafuna. Nikamweleza yote, tangu swali la kwanza nililojiuliza mpaka majibu ya Atim.

"Banange," akasema. "Na sasa?"

"Leo nampigia Florence. Namwambia kazi ni ya Atim."

Florence ndiye mkubwa wetu wa Nairobi, msimamizi wa jumuiya zote za Afrika Mashariki. Fabiano akajifuta mafuta mdomoni taratibu, kwa utulivu wa mtu ambaye ameshaona mlango.

"Mpigie. Lakini ukimwambia developa wa kwanza ni hewa, ataulizia wa pili. Ataulizia wa tatu. Atafika kwa huyu mama." Mama wa vitunguu akanipungia mkono kwa adabu. "Atafuta jumuiya yote, na hiyo kazi ataifuta. Sasa Atim wako atakula nini hapo?"

Hapo ndipo aliponikamata, maana maneno yake yalikuwa na robo ya ukweli. Mwongo mbaya ni yule anayeweka chumvi ya ukweli kidogo.

"Unataka tufanyeje?"

"Ongom ni jina tu, gwe. Kampala hii wako wangapi? Nitakuletea mmoja mwenye kitambulisho. Atasimama, atasema asante, atatia saini, atapigwa picha. Baada ya wiki moja anaandika barua: samahani, nimepata mambo ya nyumbani, siwezi. Na katika barua anasema, nafasi yangu mpeni Atim."

"Lazima aseme Atim."

"Kale, sawa. Atasema Atim."

"Apa."

"Kwani mimi ni mwizi?" akauliza Fabiano, na akaonekana ameumia kweli.

Nikakubali. Nilijiambia nafanya hivyo kwa ajili ya Atim. Siku hizo kila uchafu wangu niliupa jina la mtu mwingine.

*

Alhamisi akanipeleka Makindye. Ongom wetu alikuwa mlinzi wa geti kwenye nyumba za kupanga, mtu wa miaka arobaini hivi, amenyooka kama aliyewahi kupiga kwata. Hakutufungulia mpaka tulipoandika majina yetu kwenye daftari lake.

"Wewe ndiye Ongom?"

"Mimi hapa, mkubwa. Nani anauliza?"

Alitoa kitambulisho kabla hatujakiomba. Jina lilikuwa lenyewe.

Fabiano akamweleza. Dakika kumi za kusimama, chakula, fulana, na baada ya wiki barua ya kukataa ambayo tutamwandikia sisi.

"Nitasema nini huko?"

"Asante."

"Asante peke yake?"

"Ukiongeza utaharibu."

Akafikiri. Gari likapiga honi, akaenda kulifungulia, akaandika namba yake, akarudi palepale alipoacha.

"Hiyo kazi, mwenyewe yuko wapi?"

"Hayuko," akasema Fabiano.

"Alikufa? Pole."

"Hakufa," nikasema. "Hakuanza."

"Ah. Sasa hiyo kazi haina mtu."

Nilipaswa kulikamata neno lile palepale na kulivunja shingo. Badala yake nilikuwa naangalia miguu yake. Ongom alikuwa na mabuti ya mpira na kandambili tu, na bingwa wa teknolojia hapandi jukwaani na mabuti ya mpira. Fabiano akavua viatu vyake vyeusi, vile vya ncha ndefu anavyoringia harusini, akamvalisha. Vilimbana mno.

"Vinauma," akasema Ongom.

"Ni dakika kumi tu," akasema Fabiano, akarudi mjini kwa kandambili za mlinzi.

*

Ijumaa Atim akanipigia simu.

"Kaka Sulaimani, hiyo Ongom atakuja kweli kesho?"

"Atakuja."

"Nimeomba ruhusa kazini. Mimi nataka kumuona tu. Wewe unajua, mimi nafikiri kitu, kesho yake nakuta yeye ameandika. Mpaka vile mimi napanga maneno. Nilikuwa naona niko peke yangu hii Kampala nzima. Kumbe tuko wawili."

Nilikuwa nimekaa ofisini, mbele yangu kuna boksi la stika. Nikaanza kubandua stika moja na kuibandika mezani, kisha nyingine.

"Na kazi ulizoomba?" nikamuuliza.

"Kumi na moja sasa. Wote wanasema kitu kimoja, onyesha kazi yako, ile watu wameona. Sasa mimi nitaonyesha nini, kaka? Mimi sina kitu watu wameona."

Alikuwa nacho. Majibu mia moja na arobaini, yaliyosomwa kutoka Mombasa mpaka Bukavu, na kila moja lina jina la hewa yangu. Katika fani hii mtu huajiriwa kwa yale aliyoyaandika watu wakayaona. Nilikuwa nimemvua Atim nguo moja moja kwa miaka miwili na kumvalisha mtu asiye na mwili.

"Pengine nitamuuliza Ongom anifundishe," akasema. "Kuandika bila kuogopa."

Nikafungua mdomo. Wallahi nilifungua.

"Atim."

"Eeh?"

"Njoo mapema. Viti vitajaa."

Viti vitajaa! Hilo ndilo nililolipata moyoni mwangu siku ya kweli ilipobisha hodi. Nilikata simu nikajichukia, halafu nikaenda kuhesabu viti.

*

Jumamosi ukumbi wa Naguru ukajaa. Chakula kilitangazwa saa saba, na Kampala haina mwanateknolojia anayechelewa chakula.

Walitangulia waheshimiwa wanne wa kuzungumza juu ya mustakabali. Kila mmoja alijitambulisha kuwa mwanzilishi. Mmoja ameanzisha kampuni tatu, na hakuna hata moja iliyopata mteja asiye shemeji yake. Walisema "ekosistemu" mara nyingi hivi kwamba mzee wa mitambo ya sauti alisinzia. Debe tupu haliachi kuvuma, na tulikuwa tumeyapa haya manne maiki kila moja.

Mama wa vitunguu alikuwepo, safu ya pili, na fulana yake. Alikuwa ameleta na dada yake.

Atim alikaa safu ya tatu, pembeni, amevaa gauni la kanisani. Mapajani alikuwa na daftari na kalamu. Alinitabasamia. Nikajifanya natafuta waya.

Florence akanikamata kwenye mlango wa nyuma ya jukwaa. Yeye ni mwanamke mrefu, mchangamfu, na kwa bahati mbaya ni mtu mwema.

"Sule! Leo ndio leo. Ongom ako wapi?"

"Anajitayarisha."

"Unajua mimi huwa nasoma majibu yake hata kama sina shida? Wengine wakijibu wanakuonyesha vile wewe ni mjinga. Huyu anaandika ni kama anakuhurumia." Akanishika bega. "Umelea mtu, Sule. Hongera."

Nikasema ahsante. Hicho ndicho kiasi cha haya nilichokuwa nimebakiwa nacho.

Nyuma ya pazia nilimkuta Ongom amesimama kwa mguu mmoja, anaupumzisha mwingine. Mkononi alikuwa na karatasi za mkataba. Fabiano alikuwa pembeni yake, uso umemshuka.

"Mkubwa," akasema Ongom, "hii karatasi nimeisoma."

"Hukutakiwa kuisoma."

"Mtu anatia saini kitu hajasoma? Iko na bima ya hospitali. Ya mimi, ya mama na watoto wote." Akaikunja vizuri. "Ile barua ya kukataa, sitaandika."

Nikadhani sikusikia vizuri. "Tulikubaliana, ndugu yangu."

"Tulikubaliana kabla sijasoma."

"Hujawahi kugusa kompyuta! Utafanya kazi gani huko?"

"Nitajifunza. Na geti hakuna mtu alinifundisha."

"Kazi hii ina mwenyewe," nikasema, na sauti ikanipanda. "Ni ya msichana mmoja amekaa pale nje. Yeye ndiye aliyeandika kila kitu!"

Ongom akaniangalia muda mrefu, kama anavyoangalia gari ambalo namba yake haimo daftarini.

"Alhamisi nilikuuliza mwenyewe yuko wapi. Mlisema hayuko. Leo yuko?" Akaupigapiga mfuko wa kitambulisho. "Mkubwa, jina ni langu. Hii ni yangu. Sura ni yangu. Wewe uko na nini?"

Nikamgeukia Fabiano. Fabiano akaangalia dari.

Wahenga walisema lisemwalo lipo, na kama halipo linakuja. Miaka miwili nilisema Ongom, Ongom. Sasa alikuwa amekuja, amevaa viatu, na anataka bima.

"Karibuni bingwa wetu wa Kampala!" ikapaa sauti ya Florence. "Ongom!"

Watu wakasimama. Ongom akatoka nyuma ya pazia akichechemea kidogo, na kuchechemea kule kukamzidishia heshima. Nikasogea mpaka pembeni ya jukwaa, mahali nilipoweza kuona uso wa Atim. Alikuwa anapiga makofi mikono juu ya kichwa.

Florence akamkumbatia, akamkalisha mezani, akaweka mkataba mbele yake na kalamu juu ya mkataba. Kisha akageukia skrini kubwa ya ukutani.

"Kabla hajasaini, nataka muone ni kwa nini huyu. Hili ndilo jibu lililosomwa zaidi Afrika Mashariki yote mwaka huu."

Nililijua kabla halijatokea. Ni lile la ujumbe unaofika mara mbili.

Hilo Atim hakulitoa kitabuni. Bibi yake, Abwola, alipata ujumbe "Meza dawa" mara mbili asubuhi moja, kwa kuwa mtandao ulikatika na programu ikadhani ujumbe wa kwanza haujaenda. Bibi ni mtu mtiifu. Akameza dawa ya presha mara mbili, akalazwa siku nne. Atim alinieleza hayo huku analia, kisha akakaa wiki nzima akatafuta dawa ya ugonjwa wa programu yenyewe. Nami nikaichukua, nikafuta machozi, nikabandika Ongom.

Florence akasoma kwa sauti kutoka ukutani:

"Fanya kama geti la polisi. Kila ujumbe upe namba yake. Namba ikirudi mara ya pili, hata ikibembeleza, geti lisifunguke."

Ukumbi ukanong'ona kwa kuridhika. Florence akampelekea Ongom maiki. "Bingwa, tuambie. Hii ya geti uliitoa wapi?"

Fabiano akainamisha kichwa, mkono usoni. Asante tu, nikaomba. Sema asante ukae.

Ongom akaisoma skrini pole pole, midomo ikicheza. Kisha uso ukamfunguka.

"Hii? Hii najua kabisa," akasema. "Mimi niko geti. Gari ikipita naandika namba. Saa ingine dereva anarudi anasema, mimi sijapita, fungua. Mimi naangalia kitabu. Namba iko? Iko. Basi umepita, baba, rudi. Hata akilia. Kwa sababu nikifungua mara mbili, ndani kutakuwa na mambo mbili."

Ukumbi ukapasuka.

Watu walipiga meza. Waheshimiwa wanne wa mustakabali walikuwa wa kwanza kusimama, na mmoja akapaza sauti, "Huo ndio uvumbuzi wa kienyeji!" Florence alijifuta jicho. Mlinzi wa geti, wa Makindye! Hadithi ilikuwa tamu kuliko yoyote ambayo mimi ningeitunga, na mimi ndiye mtunzi.

Uongo wangu ulikuwa umekua, umeota miguu, na sasa ulikuwa unasema kweli. Nani angeweza kuupinga?

"Na huyu?" akauliza Florence, bado anacheka. Akabonyeza, na sehemu ya mfano, ile ndogo ambayo kwenye jukwaa la mtandaoni huwa imefichwa na watu wavivu hawaifungui, ikatanuka ukuta mzima. "Hapa mwisho. Huyu ni nani?"

Herufi zilikuwa na urefu wa mkono:

HABARI ABWOLA, LEO NI ALHAMISI, MEZA DAWA.

Jibu lilikuwa refu. Jina lilikuwa mara nne. Mimi, Sulaimani, mjenzi wa jumuiya, nilikuwa nimefuta mara tatu.

Ongom hakuitarajia hiyo. Akaniangalia. Sikumpa kitu. Akafikiri kama mtu anayetafuta ufunguo mfukoni, kisha akaupata.

"Abwola? Ni mke wangu."

"Aaaah!" wakasema kina mama. Mama wa vitunguu akapiga kigelegele.

"Saini, bingwa wetu," akasema Florence. "Saini kwa ajili ya Abwola!"

Ongom akashika kalamu.

Safu ya tatu, Atim alikuwa ameacha kupiga makofi. Alikuwa anaisoma skrini. Akaisoma tena. Nikaona tabasamu likimtoka usoni taratibu, na lilipokwisha hakukuwa na hasira pale. Ningeshukuru kwa hasira. Palikuwa na upweke tu, ule alioniambia kwenye simu kwamba umekwisha.

Akasimama. Daftari likaanguka, hakuliokota.

"Samahani," akasema. Sauti ilikuwa ndogo, hakuna aliyesikia. Akaitoa nyingine, ya binti wa afande: "Samahani! Mimi niko na swali."

Ukumbi ukatulia. Yule msichana ambaye wanaume watatu walimnyamazisha kwa sentensi moja alikuwa amesimama mbele ya watu mia mbili.

"Swali kwa Ongom?" akauliza Florence. "Karibu, dada. Unaitwa nani?"

"Naitwa Atim. Si ya Ongom. Hiyo mzee sina shida na yeye." Akageuka akanitafuta pembeni ya jukwaa, akanipata. "Ni ya Sulaimani."

Vichwa mia mbili vikanigeukia.

Mkononi alikuwa na simu. Ndani ya simu ile, mimi na yeye tu tulijua, kulikuwa na ujumbe wa miaka miwili, kila jibu na tarehe yake. Angeweza kuipeleka kwa Florence na kunimaliza bila kusema neno. Hakuiinua. Aliishika chini, ubavuni, skrini imezimwa. Alikuwa ananipa nafasi, na sijui nilifanya nini katika maisha yangu hata nikastahili kupewa.

"Kaka Sulaimani," akasema, "Abwola ni nani?"

"Mpeni maiki," akasema Florence, naye tabasamu lilikuwa limeanza kuyumba.

Maiki ikapita kutoka mkono hadi mkono mpaka ikanifikia. Ilikuwa na joto la mikono ya wote. Nyuma ya pazia Fabiano alikuwa ananitikisia kichwa, hapana, hapana, hapana.

Na pale mezani Ongom, ambaye hakuja Naguru kusubiri maungamo ya mtu, alivua viatu vya Fabiano, akavisukuma pembeni kwa mguu, akainama juu ya mkataba, na akaanza kuandika jina lake.